Vigaga Mdomoni mwa Mbuzi: Tazama Kabla ya Kununua Sindano

Kiangazi kimekolea Dodoma, Singida na Shinyanga, na kwa jirani zetu wa Kenya, kule Kajiado na Turkana, hali ni ile ile. Majani laini yamekwisha. Mbuzi wanajitafutia kwenye migunga, kwenye vichaka vya miba na mabua makavu, na midomo yao inachubuka kila siku. Huu ndio msimu ambao wafugaji huuliza swali moja karibu kwa maneno yale yale: wanambuzi wangu wametoka vidonda mdomoni, vimekauka vikawa vigaga vyeusi, hawanyonyi vizuri, nikanunue sindano gani?

Leo nitakaa na swali hilo. Sitaanza na jina la sindano, kwa kuwa ugonjwa unaowatoa wanambuzi vigaga vya namna hiyo mara kwa mara hauna sindano ya kuuponya. Mwanambuzi akifa katika ugonjwa huo, mara nyingi ameuawa na njaa. Mfugaji anayelijua hilo ataokoa kundi lake kwa maziwa, maji na uangalizi, na fedha aliyotaka kuipeleka dukani atakuwa nayo bado mwezi ukiisha.

Wataalamu huuita ugonjwa huo orfu. Vijijini watu husema tu vidonda vya mdomo. Unaletwa na kirusi cha jamii ya ndui, ingawa sicho kile cha ndui ya mbuzi yenyewe. Kirusi hiki hakipenyi ngozi nzima. Husubiri mchubuko: mwiba uliochoma, bua lililokata, ufizi uliopasuka jino likiota. Ndiyo maana kiangazi hukipa nafasi, na ndiyo maana wanambuzi wa miezi 3 hadi 6, wanaoanza kula majani ilhali midomo yao ingali laini, ndio huugua kwa wingi. Mbuzi wakubwa wengi wamekwisha kuupitia, na ingawa kinga wanayobaki nayo haidumu maisha, ukirudi huwashika kwa wepesi. Wenye damu ya Boer wanaweza kuugua vibaya zaidi, hivyo aliyechanganya mbegu hiyo na mbuzi wetu wa kienyeji awe macho.

Siku chache baada ya kuambukizwa, pembe za mdomo huwa nyekundu. Hutoka vipele, vipele huwa malengelenge, malengelenge hupasuka, kisha huganda vigaga vinene vya kahawia au vyeusi, vinavyopasuka na kuvuja damu mbuzi akifungua mdomo. Huweza kupanda puani, kushuka kidevuni, kuingia kwenye fizi. Vingine huota miguuni, pale nywele zinapokutana na kwato, na mbuzi akaanza kuchechemea. Bakteria wasipoingilia, vigaga huanguka vyenyewe kati ya wiki ya 3 na ya 4, na ngozi hubaki bila kovu la kutajika. Nirudie hapo: wiki 3 hadi 4, bila sindano yoyote. Kazi yote ya mfugaji ni kumfikisha mnyama huko akiwa hai.

Sasa tazama njaa inavyoingia. Mwanambuzi wa kilo 3 anahitaji karibu nusu lita ya maziwa kwa siku. Mdomo ukimuuma, hunyonya kidogo, huacha, husimama kichwa chini. Na kabla hujagundua, amekwisha kumwambukiza mama yake kwenye chuchu. Mama mwenye kidonda cha chuchu akiguswa hurusha teke na kukimbia. Maziwa hujaa, kiwele huvimba, bakteria huingia, na sasa una ugonjwa wa kiwele juu ya ule wa mdomo. Siku 2 au 3 zinatosha kumkondesha mwanambuzi hadi mbavu zihesabike. Akifa, mwenyewe husema vidonda vimemwua, na wiki inayofuata hununua sindano kwa ajili ya wale waliobaki, ambao nao wana njaa ile ile.

Kwa hiyo, mama yangu, baba yangu, unayenisikiliza ukiwa na kundi la namna hiyo, kesho alfajiri kabla mbuzi hawajafunguliwa zizini washike mmoja mmoja. Fungua mdomo, tazama fizi na chini ya ulimi. Tazama chuchu zote mbili za kila jike anayenyonyesha. Tazama miguu. Wenye vidonda watenge na wazima, na wahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwisho, ili mikono na vyombo vyako visiwe njia ya kupita ugonjwa. Mwanambuzi asiyeweza kunyonya, mkamulie mama yake umnyweshe kwa chupa yenye chuchu ya mpira, kidogo kidogo, mara 4 kwa siku. Usimshike kichwa juu na kummiminia, maana maziwa yataingia mapafuni na utakuwa umemtia ugonjwa mwingine kwa mikono yako. Jike mwenye vidonda vya chuchu akamuliwe taratibu asubuhi na jioni, hata kama maziwa yenyewe ni machache, kisha chuchu zioshwe na kupakwa mafuta laini yenye dawa ya kuua vijidudu. Kiwele kikiwa cha moto na kigumu, au maziwa yakitoka na mabonge, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Wanaokula majani wakatiwe kitu laini: majani ya lusina, viazi vitamu na matembele yake, pumba iliyoloweshwa maji. Maji ya kunywa yawe karibu. Mbuzi mwenye mdomo unaouma hatatembea kilomita 5 kwenda lambo.

Na vidonda vyenyewe? Chemsha maji, tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa kila nusu lita, yaache yapoe. Chovya kitambaa safi, kilainishe kigaga, futa uchafu unaotoka wenyewe. Usikibandue. Najua mkono unawasha kukibandua, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba chini ya kigaga ndiko uliko ugonjwa na dawa lazima ifike huko. Kigaga kikibanduliwa, ngozi changa hung'oka nacho, na uponyaji huanza upya. Juu ya hayo, kirusi kimejaa ndani ya kigaga chenyewe, na umekitawanya mikononi mwako na sakafuni mwa banda. Baada ya kusafisha, paka iodini iliyochanganywa na gliserini, au dawa ya zambarau, au ile ya kupuliza ya rangi ya buluu inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokiua kirusi kilichomo mwilini. Zinawazuia bakteria na inzi, na hilo si jambo dogo, kwani inzi akitaga kwenye kidonda kibichi, mabuu yatakula nyama hai, na hapo mnyama aliyekuwa apone mwenyewe anaweza kufa.

Sindano ya kiuavijasumu ina mahali pake, nayo ni pale bakteria wamekwisha kuingia: usaha, harufu mbaya, uso uliovimba, homa. Hapo afisa mifugo apime kiasi kwa uzito wa mnyama, na akuambie ni siku ngapi usinywe maziwa yake wala kumchinja. Ukichoma sindano kwa kila kigaga unachokiona, unawafundisha bakteria wa zizini kuizoea dawa, na siku utakayoihitaji kwa homa ya mapafu haitasaidia.

Kuna mambo mengine yanayofanyika mazizini ambayo yananiumiza moyo, na nitayasema wazi. Oili chafu ya gari. Maji ya betri. Kumsugua mbuzi mdomo kwa gunzi la mahindi na chumvi mpaka damu imwagike. Mbuzi hulamba midomo yake mchana kutwa. Chochote unachompaka hapo anakimeza. Oili iliyotoka kwenye injini ina masizi na madini ya sumu, na maji ya betri ni asidi inayochoma. Wanaofanya hivyo si watu wakatili. Ni watu waliokosa wa kumuuliza wakati mali yao inaangamia mbele ya macho yao, na afisa mifugo mmoja ana kata nzima ya kuizungukia kwa pikipiki. Lakini mnyama anateswa, naye angepona kwa maji ya chumvi na chupa ya maziwa.

Nimesema orfu hujiponya. Sasa nisikilize kwa makini zaidi, maana kuna ugonjwa mwingine unaoshika mdomo wa mbuzi ambao hausubiri, na kuuchukulia kuwa orfu kunaweza kulimaliza kundi lako na la jirani.

Huo ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Kenya iliithibitisha mwaka 2006 huko Turkana, na Tanzania ikaitangaza mwaka 2008 upande wa Ngorongoro. Ni ndugu wa ile sotoka ya ng'ombe iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na mashirika ya kimataifa ya chakula na ya afya ya wanyama yalijiwekea mwaka 2015 lengo la kuifuta nayo ifikapo 2030. Kundi ambalo halijawahi kuiona wala kuchanjwa linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mbuzi wake kwa muda mfupi.

Ili kuitofautisha, anza na macho, si mdomo. Mbuzi mwenye orfu peke yake huwa na macho makavu na maangavu. Ana vigaga, ana njaa, ila ukimletea majani laini hujaribu kula. Mwenye sotoka ana tongotongo zinazogandisha kope, makamasi mazito yanayoziba pua, na mdomo unaonuka hata kabla hujaufungua. Ndani ya mdomo kuna utando mweupe au wa kijivu kama uji uliogandia kwenye fizi na ulimi. Kisha kuhara, kisha kukohoa. Pima joto ukiwa na kipimajoto: mbuzi mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na karibu 40, na mwenye sotoka hupanda hadi 41 au zaidi. Wakubwa na wadogo wote huanguka, tofauti na orfu inayowachagua wadogo.

Kuna mtego hapo, na hata watu wenye uzoefu hunaswa. Mbuzi aliyenusurika sotoka, homa ikishapita, huweza kuota vigaga kuzunguka midomo vinavyofanana kabisa na vya orfu. Ukimwona siku hiyo tu, utasema orfu. Kwa hiyo muulize mchungaji habari za wiki 2 zilizopita: kuna aliyehara? Kuna aliyekufa? Macho yalikuwaje? Mtoto anayechunga mara nyingi amekwisha kuona kila kitu, ila hakuna aliyemuuliza.

Ukiona macho, pua na kuhara pamoja na mdomo, usimwongoze mbuzi yeyote mnadani, usiwapeleke malishoni kwa pamoja wala kwenye lambo la kijiji. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata saa hiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 hapa Tanzania inamtaka mfugaji kutoa taarifa, lakini hata kama sheria isingekuwapo, jirani yako ananywesha mbuzi wake kwenye maji yale yale. Sampuli huchukuliwa na kupelekwa katika maabara za Wakala ya Maabara ya Veterinari, na chanjo ya sotoka ipo, tena ni nzuri: dozi moja humkinga mbuzi kwa miaka 3 au zaidi. Jambo moja la kutuliza moyo ni kwamba sotoka hii haimshiki binadamu.

Magonjwa mengine ya ngozi nitayapitia kwa haraka. Ndui ya mbuzi huja na homa na vinundu vigumu vilivyotapakaa sehemu zenye nywele chache: chini ya mkia, kwenye kinena, kiweleni, makwapani, na usoni pia. Ukipapasa unavihisi kabla ya kuviona. Nayo hutolewa taarifa, nayo ina chanjo, na Kenya wanaitengeneza wenyewe. Upele huletwa na utitiri unaochimba ndani ya ngozi. Dalili yake kubwa ni kuwashwa. Mbuzi hujisugua kwenye miti na kuta, nywele hunyonyoka usoni na masikioni, ngozi huwa nene na kukunjamana. Huu ndio wenye sindano yake, ya aivamektini, ambayo huchomwa chini ya ngozi na kurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, kwani mayai ya utitiri huiponyoka dozi ya kwanza. Wenye orfu hawajikuni hivyo. Halafu kuna vigaga vya wakati wa masika, vinavyobandika nywele pamoja katika vishungi kama ncha za brashi ya rangi, masikioni, puani na mgongoni. Hivyo ni vya bakteria aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1915 huko Kongo, naye hupenda unyevu. Kwake kiuavijasumu husaidia, na banda kavu husaidia zaidi.

Sasa turudi kwenye orfu, upande ambao hausemwi vya kutosha. Inaambukiza watu.

Anayekamua, anayemnywesha mwanambuzi dawa, anayechinja, anayechuna ngozi, wote wako hatarini ikiwa wana mkwaruzo mkononi. Siku 3 hadi 7 baadaye hutoka uvimbe mwekundu kwenye kidole au kiganja, hukua, katikati hubonyea, pembeni kunakuwa na duara jeupe, na maji huvuja. Kidonda hicho huogofya ukikiangalia, lakini kwa mtu mwenye afya huisha chenyewe kwa wiki 4 hadi 6, wakati mwingine 8. Usikitumbue wala usikikate. Kioshe, kifunike kwa kitambaa safi, kiache. Mwenye kinga dhaifu mwilini, akiwamo anayeishi na virusi vya UKIMWI bila dawa, aende hospitali mapema, kwa sababu kwake kinaweza kuwa kikubwa na kukawia.

Na ukienda hospitali, mwambie daktari kwamba unashika mbuzi. Asipojua, anaweza kukipasua akidhani ni jipu. Au pengine si orfu kabisa: kidonda cha kimeta nacho huanza mkononi mwa mtu aliyeshika mnyama, huwa na kitovu cheusi tii, hakiumi sana, na pembeni huvimba. Kimeta huua, na kinatibika kikiwahiwa. Ikiwa mnyama uliyemshika alikufa ghafla, au damu yake haikuganda, liseme hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Madaktari wa Uturuki, Ufaransa na Ubelgiji wameandika habari za watu waliotokwa na vidonda vya orfu siku chache baada ya Idi ya Kuchinja, watu ambao hawafugi kabisa na walishika mnyama siku hiyo moja. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na visiwani, siku ya Idi hiyo wanyama huchinjwa majumbani, na vijana ndio hushika kichwa. Nyama iliyoiva vizuri haina tatizo. Hatari iko mikononi wakati wa kushika mdomo, kichwa na miguu. Vaa glovu, au angalau funga kidole chenye jeraha, na nawa kwa sabuni mara tu baada ya kazi. Nyumbani, mtoto mwenye mikwaruzo asipewe kazi ya kuwanywesha wanambuzi wagonjwa, na anayekamua anawe kabla na baada.

Kirusi hiki kina nguvu moja inayotusumbua sisi wa nchi kame: ndani ya kigaga kilichoanguka na kukauka, huishi miezi mingi, hata kupita mwaka. Zizi la Kongwa lisiloona mvua tangu Mei huweza kukitunza mpaka wanambuzi wa mwaka ujao wazaliwe. Fagia vigaga na takataka za banda la wagonjwa, vichome moto. Hori na vyombo vioshwe kwa sabuni, kisha vipakwe dawa ya kuua virusi. Fyeka vichaka vya miba vilivyo karibu na zizi, na kata mabua kabla ya kuwapa wanambuzi.

Chanjo ya orfu ipo duniani, lakini inahitaji akili. Imetengenezwa kwa kirusi kilicho hai, hupakwa kwenye mkwaruzo mdogo mahali pasipo na nywele, kama ndani ya paja, na hapo huota kigaga kama cha ugonjwa wenyewe. Kwa kundi ambalo orfu hurudi kila mwaka, inafaa kuzungumza na daktari wa mifugo. Kwa kundi safi, chanjo hiyo ndiyo itakayouingiza ugonjwa zizini, kwa hiyo usiitumie. Na usijaribu kuitengeneza mwenyewe kwa kusaga vigaga, hata ukisikia kwamba kuna mahali walifanya hivyo.

Kwa wanaonunua, iwe Pugu au kwenye mnada wowote wa wilaya: inua mdomo wa mbuzi kabla ya kutoa fedha. Papasa chini ya mkia. Tazama macho. Mbuzi aliyepakwa dawa ya zambarau au ya buluu mdomoni ana sababu ya kupakwa, na muuzaji akuambie sababu hiyo. Ukimfikisha nyumbani, mweke peke yake kwa wiki 3, na chombo chake cha maji kiwe chake peke yake, kisha mkague tena mdomo, chuchu na miguu kabla ya kumwachia kuingia na wenzake.